Zege Lililogoma

San Evaristo, Bonde la Cauca
20 Julai 1987

Shemeji Ubaldo,

Leo ni sikukuu ya uhuru. Meya yuko uwanjani anahutubia kuhusu barabara ambayo hajaijenga, nami nimefunga dirisha ili nikuandikie wewe, ambaye angalau ukidanganya tunaweza kukupima kwa mashine zako.

Marleny anaolewa. Anaolewa na Yesid, mtoto wa Abundio Lucumí, yule mwenye duka la vifaa vya ujenzi kwenye kona, ambaye sijamsamehe tangu ule mgomo wa wakata miwa, kwa sababu alifungua duka siku ambayo mtaa mzima tulikubaliana kufunga. Kijana hana kosa. Ni mpole, ana adabu, na anacheza salsa kama mtu asiye na mifupa. Dosari yake ni baba tu.

Unaijua desturi yetu. Binti akiolewa, mzazi humpa hewa: hewa iliyo juu ya nyumba yake. Unamwaga slabu ya zege juu ya kuta zako, na juu ya slabu hiyo wao wanajenga kwao. Nisipomwaga slabu, Marleny atakwenda kuishi juu ya duka la Abundio, alale juu ya misumari na kuamshwa na amri za Doña Eneida, mama mkwe. Hilo halitatokea nikiwa na pumzi. Harusi ni tarehe 26 Septemba, na watu watacheza juu ya slabu hiyohiyo, ili kila mwenye macho aone kwamba msichana huyu ana kwao.

Tutaimwaga Jumamosi ya tarehe 8 Agosti. Mtaa wote utakuja na ndoo zake, kama kawaida; kazi yangu ni kuwalisha na kuwanywesha. Mwashi ni Calixto. Simenti, nasema kwa uchungu, itatoka kwa Abundio, maana nyingine iko mjini Cali.

Nipe maelekezo. Miaka yote hii unaponda zege katika maabara yako huko Medellín, unalichoma, unaliloweka, unalinywesha dawa. Sasa lifae jambo. Na usiniletee hesabu. Niandikie kama unavyomwandikia mtu anayepika.

Wako asiyekuogopa,
Zunilda Viáfara


Medellín, 27 Julai 1987

Shemeji Zunilda,

Hongera kwa Marleny. Marehemu dada yako Fabiola angekuwa ameshakata kitambaa cha gauni na kugombana na fundi cherehani.

Umeomba maelekezo ya mpishi, kana kwamba watu wa bondeni mnajua kupika kitu kisichoogelea kwenye mafuta. Haya, shika sufuria. Ndoo moja ya simenti, mbili za mchanga, tatu za kokoto, na maji yasiyofika robo tatu ya ndoo. Hayo maji ndiyo adui mwenye sura ya rafiki. Jua likipanda zege litakuwa zito, na wanaume watakuomba uongeze kikombe ili liteleze. Kila kikombe cha ziada kinakunywa nguvu ya slabu yako. Kataa.

Mwezi huu nimekuwa nikifanya kazi inayokuhusu. Tuna chumba tunachokipasha moto mpaka kinafanana na kwenu saa saba mchana. Humo tunachanganya zege lilelile tunalolichanganya katika chumba cha baridi, tunalijaza kwenye silinda, tunangoja, kisha tunazibana kwa mashine mpaka zipasuke. Zege la joto huwahi kuganda na siku za mwanzo hujifanya shujaa. Baada ya mwezi, lile la baridi limeshalipita. Joto ni kama mtu anayepanda jukwaani kabla hajamaliza kufikiri. Sitaji jina.

Ipo dawa ya kiwandani ya kulichelewesha zege lisigande upesi, na tunaijaribu hapa kwa vipimo mbalimbali. Wewe huihitaji. Funika kokoto kwa magunia mabichi tangu siku iliyotangulia, anzeni alfajiri, mmalize kabla ya jua kukasirika.

Nimempa dereva wa basi silinda sita za chuma, tupu. Marleny ajaze tatu kwa zege la mwanzo na tatu kwa zege la mwisho, azifunge kwa pumba za mbao zilizolowa, anirudishie. Slabu haiwezi kuja kwangu; hizo zitakuja badala yake.

Shemeji yako,
Ubaldo Echeverri


San Evaristo
10 Agosti 1987

Shemeji,

Tumeibiwa!

Tulimwaga Jumamosi. Leo ni Jumatatu. Nusu ya mbele, upande wa barabarani, imeganda kama inavyostahili, ukiigonga inakujibu. Nusu ya nyuma, upande wa uani, ni unga uliokandwa. Nimebonyeza kidole kikazama mpaka kwenye kucha. Calixto amevua kofia kama aliye msibani. Anasema katika maisha yake yote ya uashi hajaona zege linalogoma.

Mimi nimeona. Si zege. Ni majivu! Tajiri anapouziwa simenti anauziwa simenti. Maskini anauziwa chochote cha kijivu. Ndivyo walivyojengewa wakata miwa mabanda yao na ndivyo zilivyojengwa shule zetu, na kila dari likianguka, mkosaji ni mvua. Safari hii hapana. Jana jioni nilikwenda ofisi ya chama cha walimu, nikawasha ile mashine ya kunakili, nikachapa karatasi yenye kichwa hiki: MAJIVU KWA BEI YA SIMENTI. Nakuambatanishia nakala. Imebandikwa kinyozini, kwenye mlango wa kanisa, na nyingine kwenye ukuta wa duka la Abundio lenyewe, ili asisumbuke kutoka.

Marleny analia. Nadhani ni hasira, kama yangu.

Silinda zako zimepanda basi la asubuhi.

Zunilda


Medellín, 14 Agosti 1987

Shemeji,

Silinda zimefika. Tatu ngumu, tatu laini kama jibini. Karatasi yako nayo imefika. Imeandikwa vizuri sana. Nenda kaibandue.

Fikiri kidogo, wewe uliyesoma vitabu vingi kuliko padri wenu. Kama simenti ni majivu, kwa nini nusu ya mbele imeganda? Mifuko haikutoka kwenye rundo moja? Nadhani najua kilichotokea, kwa sababu hutokea kila mahali penye jua na wanaume wenye toroli: zege lilikuwa zito, wakakuomba maji, ukawaonea huruma. Nusu ya pili mmeizamisha. Usione aibu, hata wahandisi hufanya hivyo, tena wakiwa wamevaa helmeti.

Usiivunje. Ifunike kwa magunia mabichi, uimwagilie asubuhi na jioni, na mrunda hata mmoja wa mwanzi unaoishikilia pale chini usiguswe. Nami nitazitazama hizi tatu laini kama mtu anayemtazama mgonjwa.

Ubaldo


San Evaristo
18 Agosti 1987

Shemeji,

Huruma! Mimi? Uliwahi kuniona nikimwonea mtu huruma mbele ya kazi?

Sikiliza, mtu wa milimani, unayeoga kwa kijiko. Kipimo chako nilikilinda kwa mwili wangu. Ni kweli tulichelewa kuanza: padri alikuja kubariki nondo akiwa ameshapitia nyumba mbili kunywa kahawa, na huwezi kumwaga slabu ya harusi bila padri na bila tarumbeta. Mpaka tunaanza, jua lilikuwa limeshika watu shingo. Wanaume waliniomba maji, wakanibembeleza, mmoja akapiga magoti. Nilisimama kwenye mashine ya kuchanganyia nikiwa na ndoo yako mkononi, na hakuna aliyepata hata kikombe cha ziada. Bomba lilipokatika sikutetereka. Tangi lilikuwa na maji mpaka ndoo ya mwisho. Kwa hiyo ondoa maji kwenye mashtaka na urudi kwa mshtakiwa wangu.

Mshtakiwa ameisoma karatasi kwa sauti, mbele ya duka, neno kwa neno, kisha akafunga milango. Abundio, aliyefungua siku ya mgomo, amefunga! Na Doña Eneida amenirudishia sahani zangu alizoondoka nazo siku ya slabu. Amezirudisha tupu. Unajua maana yake: mtaa huu hakuna anayerudisha sahani bila kuweka kitu ndani, hata iwe ndizi moja. Sahani tupu ni mlango uliofungwa. Yesid hajaonekana, na Marleny hali chakula.

Calixto anasema ikibidi kuvunja, basi tuvunje mapema kabla nusu ile haijawa kitu cha katikati, si uji si jiwe. Anakuja na nyundo Jumamosi hii. Sina la kumpinga. Na harusi, kama bado ipo, itachezwa wapi? Kwenye kifusi?

Zunilda


San Evaristo
18 Agosti 1987

Shikamoo Baba Mdogo,

Mama hajui kwamba ninakuandikia. Barua hii itasafiri na yake katika basi moja, lakini nimempa dereva kwa mkono mwingine.

Siku ile bomba lilipokatika, tangi lilikuwa linaelekea kukauka na zege linaganda kwenye toroli. Calixto akasema, "Tukaombe maji kwa Don Abundio, ana kisima." Mama akasema, "Afadhali nilambe vumbi." Kisha akaliona lile pipa la maji ya sukari guru na limau tuliyokuwa tumewapikia watu. Lilikuwa bado zaidi ya nusu. Akasema, "Wamekunywa vya kutosha. Sasa nyumba nayo inywe." Tukalimimina kwenye tangi, mimi upande huu na yeye upande ule. Unayajua maji ya bomba letu, rangi yake ni ya udongo mwaka mzima. Hakuna aliyeona tofauti. Maji ni maji, tulidhani.

Jumatatu nilibonyeza zege nikalamba kidole. Usinicheke. Kilikuwa na utamu kwa mbali.

Kwa nini sijamwambia? Kwa sababu ameshabandika. Unamjua: kabla ya kubandika, mama husikiliza hata kuku. Akishabandika, anakuwa ngome. Na nikimwambia mimi, atadhani nimekwenda upande wa kina Lucumí hata kabla ya kuvaa gauni.

Yesid huja kwenye uzio wa nyuma kila jioni na kunipitishia vipande vya embe bichi lenye chumvi. Mama anadhani sili. Nakula maembe tu. Yesid anasema baba yake hana hasira, ana aibu, maana wateja wameanza kunusa mifuko kabla ya kununua.

Baba Mdogo, niambie tu jambo moja. Ile slabu imekufa, au imelala?

Mwanao,
Marleny


TELEGRAMU
Medellín, 20 Agosti 1987
Kwa: Zunilda Viáfara, San Evaristo

USIVUNJE. NI SUKARI. IMELALA HAIJAFA. MFICHIE CALIXTO NYUNDO. BARUA INAFUATA. UBALDO


San Evaristo
21 Agosti 1987

Shemeji, shemeji yangu, mwanga wa milima!

Sukari! Nilijua! Sikujua ni sukari, lakini nilijua!

Nyundo za Calixto ziko chini ya kitanda changu, na Calixto mwenyewe yuko jikoni anakula supu ya mkia, ametulia. Nami nimeshaanza karatasi ya pili. Mtu anayechanganya majivu kwenye simenti ni mwizi wa kawaida, dunia imejaa watu hao. Lakini anayetia sukari! Katika bonde hili, ambako babu zetu walikata miwa mpaka migongo ikapinda, kuichukua sukari ileile na kuizika ndani ya nyumba ya mjukuu wao isisimame! Kichwa cha habari nimekipata: SUKARI YA MSALITI. Nangoja tu barua yako ili niweke ushahidi wa kitaalamu, pamoja na jina lako na cheo chako kwa herufi kubwa. Alitia mfuko kwa mfuko, au alitia kwenye rundo lote? Jibu upesi, mashine ya kunakili nimeiazima hadi Jumatano.

Marleny nilipomsomea telegramu alikaa chini sakafuni akacheka mpaka akakohoa. Sijui kicheko hicho ni cha nini. Mtoto ameumia.

Zunilda


Medellín, 25 Agosti 1987

Shemeji Zunilda,

Rudisha mashine ya watu.

Nilipoziona silinda zile laini nilikwenda kwenye jiko la maabara, nikachukua kipande cha sukari guru cha mpishi wetu, nikakiyeyusha. Nikachanganya zege la aina nne katika chumba chetu cha joto: lisilo na sukari, lenye chembe tu, lenye kidogo zaidi, na lenye nyingi. La kwanza liliganda haraka kama kawaida ya joto. La pili lilichelewa mpaka siku ya pili. La tatu lilichelewa mpaka nikakata tamaa, kisha likaamka. La nne bado ni uji, na litakufa likiwa uji. Limau nalo linachelewesha, ni shahidi wa uongo anayemsaidia mwenzake. Sukari huizunguka simenti na kuizuia isishikane na maji. Ikiwa kidogo, huchoka na kuiachia. Ikiwa nyingi, haiachii kamwe.

Silinda zako zinafanana na lile la tatu. Leo asubuhi nimekwaruza moja kwa msumari, haikukwaruzika. Wewe nenda ukakanyage uani.

Sasa, kuhusu Abundio. Simenti yake ni safi. Zile silinda tatu za mwanzo ni simenti yake, na ni ngumu. Mfuko wa simenti huzibwa kiwandani, na mwenye duka akitaka kukuibia atakuuzia pungufu, hatakuongezea sukari ya bure! Mwizi gani huyo anayetoa zawadi? Sukari iliingia nusu ya pili tu, yaani baada ya bomba kukatika. Uliniandikia mwenyewe kwamba tangi lilikuwa na maji mpaka ndoo ya mwisho. Bomba limekatika, mashine inakunywa, jua linawaka, na tangi halikauki. Huo ni muujiza, na padri alikuwa ameshaondoka.

Kwa hiyo nina swali moja tu, na silijibu mimi: ni nani katika San Evaristo, siku ya slabu, huwapikia watu wa mtaa mzima pipa la maji ya sukari guru yenye limau?

Nakuheshimu sana.
Ubaldo


San Evaristo
7 Septemba 1987

Shemeji,

Umeniona nimekaa kimya ukadhani nimekufa. Nilikuwa naandika.

Nilisoma barua yako nikiwa nimesimama, kisha nikaisoma nimekaa, kisha nikapanda juu nikakanyaga uani. Ngumu. Nimeruka. Ngumu! Nikakaa palepale juu ya magunia mabichi, nikalikumbuka lile pipa na mikono yangu miwili iliyolishika. Mikono mingine miwili ilikuwa ya Marleny, na sasa najua alichokuwa anacheka. Hukumtaja, nami sikuuliza. Mna bahati nyote wawili.

Nimetumia nusu ya maisha yangu kuwaandika wenye makosa. Sikuona sababu ya kumpendelea huyu. Nimechapa karatasi ya pili, kwa ukubwa uleule na kwa wino uleule, na kichwa chake ni DHIDI YA ZUNILDA VIÁFARA. Sikujihurumia. Nimeandika kwamba mwanamke huyu, anayejiita mtetezi wa wanyonge, alimchafua jirani kwa sababu ya chuki ya zamani. Kwamba alikataa maji ya kisima cha jirani huyo kwa kiburi, akaenda kuinywesha nyumba ya bintiye kinywaji cha watu. Kwamba nusu ya slabu ilikuwa inamwonyesha ukweli na nusu nyingine inamwonyesha kosa lake, naye akasimama katikati akasoma kitu kingine kabisa. Kisha nikaazima kipaza sauti cha muuza samaki, nikasimama mbele ya duka, nikaisoma yote.

Kinyozi alitoka na mteja mwenye nusu ndevu. Nilipomaliza, Abundio alifungua mlango, akaja mpaka karibu, akasema, "Zunilda, umejitukana vizuri. Mimi hukunipa hata robo ya maneno hayo."

"Kwako wewe nilikuwa na haraka," nikamwambia.

"Rudia pale penye kiburi. Eneida alikuwa jikoni hakusikia."

Nikarudia. Watu wakapiga makofi. Nikarudia tena kwa sababu ya makofi. Halafu akasema nina deni moja la kulipa, akanipeleka kwenye kisima chake, akateka kikombe, nikanywa mbele ya umati. Yalikuwa maji mazuri, kwa bahati mbaya.

Nilimpelekea Eneida sahani ya tamale, unga wa mahindi uliopikwa ndani ya majani. Imerudi na keki ya mahindi mabichi, kubwa kuliko sahani yenyewe, inaning'inia pembeni. Yesid sasa anaingia kwa mlango wa mbele. Kuhusu mgomo, mimi na Abundio bado tunagombana. Alisema alifungua ili wagomaji wapate mishumaa, nami nikamwambia mishumaa haiuzwi kwa faida. Tutaendelea baada ya harusi.

Sasa niambie ukweli. Ngumu ni ngumu kiasi gani? Kuruka kwa mwanamke mmoja si watu mia wakicheza salsa. Nisije nikafanya karamu ya harusi ikawa matanga. Ukisema hapana, nitaivunja kwa mkono wangu, na msichana ataanza maisha juu ya misumari ya Abundio, nami nitanyamaza.

Zunilda


Medellín, 9 Septemba 1987

Shemeji Zunilda,

Mwezi wa silinda umetimia, nimezibana.

Zile za mwanzo, za nusu ya mbele, zilipasuka pale tunapotarajia zege la joto lipasuke. Zinatosha kwa nyumba, na kwa salsa.

Kisha nikaweka ya nyuma. Mashine ikapanda, ikafika pale ya mbele ilipovunjikia, ikapita. Kijana anayesoma saa ya mashine akanitazama. Nikamwambia endelea. Ikapita tena. Ilipopasuka ilitoa mlio kama fataki, wote tukaruka nyuma, na mpishi akaja mbio kuuliza tumevunja nini. Zote tatu zimefanya vilevile. Nusu ya mbele ilikimbizwa na jua. Nusu ya nyuma ilizuiwa, ikapata muda wa kujipanga. Umefanya, bila kujua, kile ambacho dawa yetu ya kiwandani hufanya kwa kipimo.

Usinijibu. Najua utakachosema: kwamba wewe ndiye mgunduzi. Sivyo. Wewe ulimwaga, aliyepima ni mimi. Pipa lile lingekuwa limejaa, leo ungekuwa na bwawa la uji hewani, nami ningekuja kuzika, si kucheza.

Mirunda iondolewe tarehe 19, kuanzia katikati kwenda kwenye kuta, polepole. Na kwa sababu hamniamini mpaka mnione, nitakuja. Katika taaluma yetu, mtu anayesema slabu itabeba, yeye husimama chini yake. Nitaweka kigoda uani, chini ya ile nusu yako, na juu ya kigoda glasi ya pombe yenu ya anisi iliyojaa mpaka ukingoni. Mtakapoanza kucheza, nitaitazama. Likimwagika tone moja, nitapiga kelele na wote mshuke.

Mwambie Marleny kwamba ilikuwa imelala tu.

Ubaldo


San Evaristo
29 Septemba 1987

Shemeji,

Umeondoka na basi la alfajiri bila kuaga, kama mtu aliyevunja kitu. Basi nakueleza yaliyokuwa juu, kwa kuwa wewe ulikuwa chini umekaza macho kwenye glasi.

Pale juu mstari ulionekana wazi. Nusu ya mbele imekuwa ya kijivu cheupe, nusu ya nyuma ina wekundu kidogo, kama chai. Watu walipopanda, bila kuambiwa, kina Lucumí walisimama upande wa simenti na sisi kina Viáfara tukasimama upande wa sukari, kila upande umekunja mikono unautazama mwingine. Tarumbeta zikalia. Hakuna aliyesogea. Wote walikuwa wanasikiliza miguu yao.

Ndipo Marleny akavua viatu, akapita katikati ya mstari, akasimama uani juu ya ile sehemu niliyoibonyeza kwa kidole siku ile. Tundu lake lipo mpaka leo, Calixto alikataa kuliziba. Akaruka, na gauni likapaa. Akapaza sauti, "Baba Mdogo, uko hai huko chini?" Nawe ukajibu, "Cheza, mwanangu!" Tulikusikia wote. Yesid akamfuata, na baada yake hapakuwa tena na mtu wa kuhesabika. Abundio alinishika mkono bila kuniomba. Anacheza vibaya, mwanawe amerithi kwa mama. Kufikia wimbo wa tatu nilitafuta mstari nikauona umejaa miguu, na Eneida alikuwa upande wetu amejifunga mtandio wangu kiunoni.

Maharusi wamekubaliana wapi pa kuweka kitanda. Ni nyuma.

Una kazi moja ya haraka. Calixto alikuja jana na vipande viwili vya sukari guru ndani ya kofia, kwa ajili ya paa la kituo cha zimamoto, na Abundio ameniuliza kama aanze kuiuza karibu na simenti. Nimebandika karatasi mpya: SUKARI SI NONDO. Nimelitaja jina lako kwa herufi kubwa, na nimeandika kwamba ulipima. Kwamba mimi nilimwaga, nimeandika pia, ila kwa herufi kubwa zaidi.

La mwisho. Asubuhi tuliposhuka kufagia tulikuta kigoda mahali pake na glasi juu yake. Tupu. Abundio akapauka, akatazama juu. Calixto akapiga magoti akapapasa sakafu kwa viganja, kila pembe, akanusa. Kavu kabisa, shemeji. Halikumwagika tone.

Slabu ni nzima. Ulevi ni wako.

Zunilda